Majina ya Ila za Hoja: Jinsi Waingereza Walivyoyapata, na Funzo Lake kwa Walimu Wetu

Sababu ya kuandika habari hii ni jambo dogo lililotokea katika baraza la wazazi wa shule moja, ambalo mimi nalikuwa mwenyekiti wake. Ilikuwa imekusudiwa kujenga chumba cha darasa, na mahali palipochaguliwa palikuwa bondeni, karibu na njia, kwa kuwa ardhi ya pale ni laini na kuchimba msingi si kazi kubwa. Mzee mmoja akasimama, akasema, "Wanangu, msijenge pale. Nimekaa hapa tangu utoto wangu, na mara tatu nimeona maji ya masika yakipita mahali pale pale." Mwalimu mmoja kijana, aliyetoka chuoni karibuni, akamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, uniwie radhi, lakini hoja yako ina kosa. Kwa Kiingereza kosa hilo laitwa appeal to authority: wataka tulikubali neno kwa sababu ya umri wako." Watu wakatazamana, wakanong'onezana jinsi kijana alivyosoma, na mzee akaketi. Chumba kikajengwa bondeni. Mwaka wa pili masika yalikuwa makubwa, maji yakaingia usiku, na asubuhi tulikuta madaftari na vitabu vya watoto vikielea.

Mimi nalinyamaza siku ile ya baraza, ingawa moyoni naliona ya kuwa mzee ametoa ushahidi wa macho yake, wala hakutoa umri wake. Kunyamaza kule kumenisumbua, kukanifanya nitafute habari za majina hayo ambayo vijana wetu hujifunza katika shule za sekondari na vyuo: yametoka wapi, Waingereza wenyewe waliyapataje, na yafaa kufundishwaje. Niliyoyaona nayaweka hapa mbele ya walimu wenzangu na wachungaji, kwa kuwa sisi ndio tusimamao kila juma mbele ya watu tukiwataka waamini maneno yetu.

Kwanza tuseme maana ya neno "ila". Ila ni kasoro iliyomo katika kitu ambacho kwa nje chaonekana kizima, kama chungu chenye ufa usioonekana mpaka kitiwe maji. Ila ya hoja ni hivyo hivyo. Maneno yafuatana vizuri, sikio laridhika, walakini neno la mwisho halitoki katika maneno ya kwanza. Yapasa kukumbuka pia kwamba mtu aweza kusema neno la kweli akalitetea kwa hoja mbovu, na mwingine aweza kupanga hoja nyofu juu ya habari za uongo. Kwa hiyo kuitambua ila ni kujua jambo moja tu, yaani kwamba hoja hii haikuthibitisha neno lake. Kama neno lenyewe ni kweli au si kweli, hilo ni shauri jingine.

Mtu wa kale ambaye tuna kitabu chake kilichozipanga ila hizi ni Aristotle, Myunani aliyezaliwa mwaka 384 K.K., akafa mwaka 322 K.K. Katika siku zake mabishano yalikuwa kama mchezo wenye kanuni mjini Athens. Mmoja huuliza, mwenziwe hujibu kwa kukubali au kukataa, na mwulizaji hujaribu kumfikisha mahali pa kujipinga mwenyewe. Walikuwako pia walimu walioitwa masofisti, na baadhi yao walisifiwa kwa kufundisha jinsi ya kushinda kwa maneno, kwa malipo. Aristotle aliandika kitabu kidogo kuonyesha ya kuwa ushindi wa namna hiyo mara nyingi ni wa bandia. Alizihesabu ila kumi na tatu: sita zatokana na maneno yenyewe, na saba zatokana na mambo yaliyo nje ya maneno. Mwanzoni mwa kitabu hicho atoa mfano mzuri. Kwa kuwa hatuwezi kuvileta barazani vitu vyenyewe tunavyobishania, twatumia majina yake badala yake, kama wahesabuji walivyotumia kokoto. Na asiyezoea kokoto hudanganywa na aliye hodari nazo. Mwishoni asema ya kuwa katika fani hii hakuikuta kazi ya mtu aliyemtangulia, akawaomba wasikiaji wake wamsamehe palipopungua.

Ila ya kwanza katika hesabu yake ni ile ya neno moja kuwa na maana mbili. Kiswahili kina mifano tele. Mtu akisema, "Kila mbuzi hula majani, jikoni kwa mama mna mbuzi, basi jikoni kwa mama mna kitu kilacho majani," hata mtoto atacheka, kwa kuwa ajua kwamba mbuzi ya jikoni ni ya kukunia nazi. Lakini hatucheki neno linapokuwa "haki", au "uhuru", au "maendeleo", ambalo msemaji alianza nalo kwa maana moja akamaliza nalo kwa maana nyingine. Hapo kokoto zimebadilishwa mkononi, nasi hatukuona.

Warumi walipoipokea elimu ya Wayunani walijiona kuwa maskini wa maneno. Cicero, aliyekufa mwaka 43 K.K., alilazimika kuunda mengine. Neno qualitas, ambalo ndilo mzazi wa neno la Kiingereza quality, alilitengeneza yeye kwa kufuata mfano wa neno la Kiyunani. Baadaye Boethius, Mkristo wa Rumi aliyeuawa yapata mwaka 524 katika utawala wa mfalme Theodoric, alifasiri vitabu vya Aristotle vya mantiki kwa Kilatini, na kwa kazi yake na ya waliomfuata shule za kanisa katika Ulaya ya magharibi zikapata maneno ambayo yangali yakitumika. Fallacia lilikuwa neno la kawaida la Kilatini, maana yake udanganyifu, nalo likafanywa jina la ila ya hoja. Argumentum latoka katika kitenzi chenye maana ya kudhihirisha na tena ya kushtaki. Ndiyo sababu neno argument kwa Kiingereza lina nyuso mbili hata leo: darasani ni hoja, na nyumbani ni ugomvi. Mwanafunzi wetu asiyejua habari hiyo, akisoma kwamba mwandishi fulani ana argument yenye nguvu, hudhani mwandishi huyo amekasirika sana.

Elimu hiyo ya Wayunani ilikuwa na njia ya pili, nayo ndiyo itugusayo sisi. Katika karne ya 9 na ya 10, mjini Baghdad, vitabu vya Aristotle vilifasiriwa kwa Kiarabu, mara nyingi kwa kupitia Kisiria, na wengi wa wafasiri hao walikuwa Wakristo wa makanisa ya Mashariki. Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 873, alikuwa mmoja wao. Na Yahya ibn Adi, aliyefariki mwaka 974, alikifasiri kile kitabu cha ila za hoja. Kiarabu kilifanya mambo mawili kwa pamoja. Kwa kazi ya masofisti kiliazima neno lao la Kiyunani, likawa safsata. Kwa ila ya hoja kilitumia mzizi wake chenyewe, ghalat, yaani kosa, likapatikana neno mughalata. Elimu yenyewe iliitwa mantiq, kutoka katika mzizi wenye maana ya kunena, na hilo ndilo mantiki letu.

Sasa wasomaji na watazame maneno mengine tuliyo nayo: hoja, dalili, burhani, kadhia, natija, kiasi. Kwa wataalamu wa mantiki wa Kiarabu kadhia ni tamko lenye kukiri au kukana jambo, liwezalo kuwa kweli au uongo. Natija ni neno la mwisho litokalo katika yale yaliyotangulia. Burhani ni uthibitisho usioacha shaka. Na qiyas, ambalo ndilo asili ya kiasi chetu, ni ule mpango wa matamko mawili yazaayo la tatu, kama tusemapo kwamba kila mwanadamu hufa, na Juma ni mwanadamu, basi Juma atakufa. Kwetu maneno hayo yamekaa sokoni na nyumbani. Twauliza kiasi cha mchele, twampa pole jirani kwa kadhia iliyompata, twangoja natija ya kazi yetu. Asemaye, basi, kwamba Kiswahili hakina maneno ya kupimia hoja hajafungua kabati la nyumba yake mwenyewe.

Nayasema haya kwa sababu wako wadhanio ya kuwa Kiingereza kilizaliwa na maneno hayo yote tayari. Sivyo. Hata katikati ya karne ya 16 mantiki ilifundishwa Uingereza kwa Kilatini, na mtu asiyejua Kilatini hakuwa na mlango wa kuingilia. Mwaka 1551 Thomas Wilson, aliyesoma katika shule ya Eton na kisha King's College ya Cambridge, alipiga chapa kitabu kiitwacho The Rule of Reason, ambacho chahesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha mantiki kwa Kiingereza. Wilson hakujisumbua sana kuunda maneno. Aliyatwaa ya Kilatini ambayo wasomi walikuwa wameyazoea, akayatamka kwa Kiingereza, kisha akayaeleza kwa mifano ambayo watu wa kwao waliweza kuifahamu. Katika chapa ya tatu alitia barua kutoka katika mchezo wa kuigiza wa Nicholas Udall uitwao Ralph Roister Doister. Barua hiyo ikisomwa kwa vituo vyake ni barua ya mchumba. Ikisomwa kwa vituo vilivyohamishwa, bila kubadili neno hata moja, ni matusi matupu. Msomaji asiyejua neno la Kilatini akaiona hatari kwa macho yake.

Mwaka 1553 Wilson alitoa kitabu cha pili, juu ya ufasaha wa kusema, na humo akawadhihaki Waingereza waliopenda kujaza maneno ya kigeni hata mama zao wenyewe wasiweze kufahamu wanalosema. Mwaka huo huo Malkia Mary alishika ufalme, na Wilson, aliyekuwa mfuasi wa Matengenezo ya Kanisa, baadaye akakimbilia ng'ambo. Mwaka 1558 alikamatwa Roma na mahakama ya kuhukumu uzushi, na vitabu vyake hivyo viwili vikatajwa katika mashtaka. Alitoka mwaka 1559, Papa Paulo wa Nne alipofariki na watu wa mji wakalivunja gereza. Alirudi kwao katika utawala wa Malkia Elizabeth, na mwaka 1577 akawekwa kuwa mmoja wa makatibu wakuu wa Malkia. Alifariki mwaka 1581. Katika siku zile kitabu cha kupima hoja kiliweza kumfikisha mtu gerezani.

Mtu wa pili wa kukumbukwa ni Ralph Lever, mtumishi wa Kanisa la Uingereza, aliyepiga chapa kitabu chake mwaka 1573. Yeye alishika njia nyingine. Alikataa maneno ya Kilatini, akaunganisha maneno madogo ya Kiingereza cha kawaida. Mantiki aliiita witcraft, yaani ufundi wa akili. Neno la mwisho la hoja aliliita endsay, ndilo semo la mwisho, na matamko yatanguliayo akayaita foresays. Ufafanuzi wa neno aliuita saywhat, kana kwamba Mswahili angesema "semanini". Kusudi lake lilikuwa jema: mtu asiyesoma Kilatini aweze kulifahamu neno kwa kuzitazama sehemu zake. Walakini maneno yake hayakushika, na leo yamo katika vitabu vya historia tu. Mimi naona sababu mbili. Kwanza, wasomi walikuwa wamekwisha kuzoea yale ya Kilatini, na wanafunzi wao wakayapokea kwao. Pili, ingawa sehemu za maneno yake zilikuwa za nyumbani, maneno mazima yalikuwa mageni kwa mkulima kama yalivyokuwa kwa msomi, kwa hiyo wote wawili walihitaji kuelezwa. Ni onyo kwetu sisi tupendao kukaa mezani tukiunda maneno mapya ya Kiswahili kwa hesabu, kabla hatujauliza kama watu wana neno lao tayari.

Baada ya hao wakafuata wengi. Isaac Watts, yule yule ambaye nyimbo zake twaziimba kanisani, alitoa mwaka 1725 kitabu chake cha mantiki kwa wanafunzi wanaoanza. Watts alikuwa wa wale Wakristo waliojitenga na kanisa la serikali, ambao vyuo vya Oxford na Cambridge vilikuwa vimewafungia milango. Lakini kitabu chake kilifundishwa katika vyuo vivyo hivyo miaka mingi. Mwaka 1824 kilitoka kitabu cha Jeremy Bentham juu ya ila za hoja katika mabaraza ya siasa, na mojawapo aliyoitaja ni ile ya kuahirisha: msemaji asiyethubutu kulikataa jambo jema husema tu kwamba wakati wake haujafika. Mwaka 1826 akafuata Richard Whately, ambaye mwaka 1831 alikuwa Askofu Mkuu wa Dublin, na kitabu chake kiliifufua elimu ya mantiki miongoni mwa Waingereza. Hivyo Kiingereza kilijaza ghala yake kidogo kidogo katika muda wa miaka karibu mia tatu, kwa kuazima zaidi kuliko kuunda.

Kwa sababu hiyo majina mengine ya Kiingereza ni mtego kwa mwanafunzi, kwa kuwa yamebeba historia isiyoonekana. Chukua begging the question. Mwanafunzi hufasiri neno kwa neno, akapata habari za ombaomba. Habari yenyewe ni ya ule mchezo wa Wayunani. Mwulizaji alikuwa akimwomba mwenziwe ampe matamko ya kujengea hoja, na kosa lilikuwa kuliomba lile lile lililokuwa likibishaniwa tangu mwanzo. Kwa Kiswahili twaweza kusema "kuomba linalobishaniwa", na mfano wake ni mtu asemaye, "Fulani ni mwaminifu, kwa kuwa yeye mwenyewe aliniambia, na mtu mwaminifu hasemi uongo." Tena Waingereza wengi siku hizi hulitumia jina hilo kwa maana nyingine kabisa, ya kuzusha swali, kwa hiyo mwanafunzi akilikuta gazetini asidhani kila mara ni ila ya hoja. Au chukua red herring, yaani samaki aliyekaushwa kwa moshi hata akawa mwekundu. Mwaka 1807 mwandishi William Cobbett alisimulia jinsi alivyowapoteza mbwa wa kuwinda kwa harufu ya samaki wa namna hiyo, kisha akafananisha na magazeti yaliyofuata habari nyingine yakaacha jambo kubwa. Tangu hapo likawa jina la neno lisilohusika, litupwalo katikati ya mabishano ili watu waiache njia. Ajuaye kisa halisahau jina. Asiyejua hukariri tu.

Nimemruka mtu mmoja kwa makusudi, naye ni John Locke. Katika kitabu chake kikubwa juu ya ufahamu wa mwanadamu, chenye tarehe ya mwaka 1690, alitaja njia nne ambazo watu huzitumia kumvuta mwenzao akubali, au angalau kumnyamazisha. Alizipa majina ya Kilatini. Ad ignorantiam ni kumtaka mwenzako aupokee uthibitisho wako au alete ulio bora, na asipokuwa nao ahesabiwe kuwa ameshindwa. Ad hominem, kwa Locke, ilikuwa kumbana mtu kwa maneno ambayo yeye mwenyewe ameyakubali. Lakini katika vitabu vya leo jina hilo kwa kawaida ni kuliacha neno na kumshika msemaji, kwa kutaja aibu yake, au kabila lake, au umaskini wake. Ad judicium ni kuleta uthibitisho kutoka katika misingi ya maarifa, na Locke asema ya kuwa hiyo ndiyo pekee iletayo elimu ya kweli. Iliyobaki ni ad verecundiam, nayo ndiyo iliyonirudisha katika baraza letu.

Kwa Kiingereza cha siku hizi ila hii huitwa appeal to authority, kana kwamba mambo yote yako kwa yule mkubwa anayetajwa. Lakini verecundia si ukubwa. Ni haya: ule moyo wa kuona vibaya kusimama mbele ya mwenye sifa na kumpinga. Locke alikuwa akieleza jinsi mtu anavyotajiwa maneno ya wenye elimu, au cheo, au nguvu, mpaka akaona kwamba kuyakataa ni utovu wa adabu. Nguvu ya ila hii haimo katika sifa za mtu anayetajwa, imo katika soni ya anayesikia. Neno la Kiingereza limelipoteza jambo hilo, na Kiswahili kinalo tayari, kwa kuwa haya na heshima ni maneno tunayolelewa nayo. Naona basi tuiite "hoja ya haya".

Tukipima baraza letu kwa kipimo hicho twaona nini? Mzee hakusema, "Nikubalini kwa kuwa mimi ni mzee." Alisema aliona maji mara tatu, na umri wake ulikuwa ni kueleza tu jinsi alivyopata nafasi ya kuona. Huo ni ushahidi, na ushahidi haukubaliwi kwa heshima wala haukataliwi kwa jina, huulizwa. Ilitupasa kumwuliza, "Mzee, ni miaka gani? Maji yalitoka upande gani? Yalifika wapi?" Aliyetumia hoja ya haya siku ile ni sisi tuliosoma. Neno la Kiingereza lilipotamkwa, watu waliona haya kuuliza maana yake, na mimi mwenyekiti naliona haya kumpinga kijana aliyesoma zaidi yangu. Basi ila ilikuwako kweli katika baraza, lakini ilikuwa upande wa pili, nayo ililetwa na jina lake lenyewe.

Simlaumu kijana yule. Alifundishwa majina kabla ya mambo, akapewa orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani, na orodha haikumwambia kwamba kutaja jina la ila si kujibu hoja. Nchini Tanzania Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967, na Kiingereza kikashika nafasi hiyo katika sekondari. Hivyo watoto wengi wamekutana na majina haya kwa mara ya kwanza katika lugha ambayo walikuwa bado wakijifunza. Ndiyo sababu jina hushikwa kama pambo, au kama fimbo.

Mimi sasa nafundisha kwa utaratibu mwingine. Naanza na ila yenyewe, kwa Kiswahili, bila jina lolote, wala mifano haihitaji kutafutwa mbali. Katika mlango wa tisa wa Injili ya Yohana wanafunzi wauliza ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, kana kwamba hakuna njia ya tatu; na Bwana azikataa zote mbili. Katika mlango huo huo wakubwa waliposhindwa kumjibu yule aliyeponywa, waliacha neno lake, wakamtaja kuzaliwa kwake, wakamfukuza. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa ishirini na nane, watu wa Malta walimwona nyoka akimshika Paulo mkono mara baada ya kuokoka baharini, wakahukumu kwamba ni mwuaji. Alipokosa kufa wakahukumu kwamba ni mungu. Waliona mambo mawili yakifuatana, wakafanya moja kuwa sababu ya jingine, na walikosa mara zote mbili. Watoto huzitambua ila hizi upesi, na mara huanza kuleta mifano ya nyumbani: ng'ombe aliyekufa baada ya mgeni kupita, au mvua iliyokatika baada ya mlingoti kusimamishwa.

Wakiisha kuitambua, nawapa jina fupi la Kiswahili: "baada yake, basi kwa sababu yake", "kuliacha neno na kumshika msemaji", "hoja ya haya". Jina la Kiingereza huja mwisho, pamoja na kisa chake, nao hulishika kwa furaha, kwa kuwa sasa ni jina la mtu wanayemfahamu. Kisha naweka sharti moja. Katika mabishano ya darasani mwanafunzi haruhusiwi kutaja jina la ila, kwa lugha yoyote, mpaka kwanza ameonyesha kwa maneno yake mwenyewe mahali hasa ambapo hoja ya mwenzake imekatika. Mara nyingi akijaribu kufanya hivyo huona kwamba haikukatika. Wachungaji nao wanaweza kulitumia sharti hilo katika mahubiri, hasa pale tunaposema juu ya watu wasioweza kusimama wakatujibu.

Baada ya mafuriko nalikwenda nyumbani kwa mzee yule kumtaka radhi. Nalimwamkia, akaniitikia, akanipa kiti. Nilipokwisha kusema akanichukua mpaka bondeni, nyuma ya chumba kile, akanionyesha mti mkubwa wenye mstari wa matope makavu katika gome lake. Mstari wa mwaka huu ulikuwa mpya, na juu yake, umefifia lakini waonekana, ulikuwako mwingine wa zamani. Akasema, "Mwanangu, mngeniuliza siku ile, ningewaleta hapa." Chumba kipya sasa kimejengwa mlimani, yule mwalimu kijana ndiye aliyesimamia kazi, na kabla ya kuchimba msingi alikwenda mwenyewe kuwauliza wazee watatu, mmoja mmoja, akaandika katika daftari lake waliyoyaona na miaka yake.